Miti inapandwa Juni, Oktoba imekauka: mazingira ya chuo ni kazi ya nani hasa?

Fundi wa Shangani aliandika:

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi kitengo cha miliki katika chuo kimoja hapa Mtwara, huu ni mwaka wangu wa tisa. Kwa wasiokijua kitengo hiki, sisi ndio tunaoitwa bomba likipasuka, taa zikizima, karo likifurika. Jina la chuo silitaji. Ninayoyasema nimeyaona na kwa wenzetu, na nia yangu si kumchongea mtu.

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tunapanda miti. Mgeni rasmi anakuja, fulana zinagawiwa, hotuba zinasomwa, mashimo sisi tumeshachimba jana yake. Sasa aliyekulia huku Kusini anaijua Juni. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza mwisho wa Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili, zikivuta sana ni Mei. Juni mwenye mikorosho anajiandaa kupulizia salfa, kwa sababu ana uhakika mvua haitamwoshea dawa yake. Ndiyo mwezi huo sisi tunaochukua mche wa kimo cha kiganja na kuuacha uvumilie jua miezi sita.

Halafu kuna likizo. Julai wanafunzi wanaanza kuondoka, hadi mwisho wa Oktoba kampasi ni ya walinzi na kunguru. Likizo ndefu na kiangazi vimelaliana miezi ile ile. Kijana aliyeahidi mbele ya kamera kwamba mti wake ataumwagilia yuko kwao Tunduru, na hana kosa, masomo yameisha.

Mwaka mmoja niliamua kuhesabu. Ilipandwa miche 400. Oktoba nikapita na karatasi, mstari kwa mstari, nikakuta hai 31. Kati ya hiyo, 19 ilikuwa nyuma ya jengo la maabara, imenawiri, majani mabichi kabisa. Nikasimama pale nikijiuliza nani amekuwa akiimwagilia. Nikachimba kidogo na jembe. Bomba lilikuwa linavuja chini kwa chini, na kwa ukubwa wa ile mizizi ya nyasi pembeni, lilikuwa limevuja muda mrefu sana.

Sikulala vizuri siku hiyo, nasema kweli. Miti iliyopona imepona kwa maji yanayopotea, na maji yanapotea kwa sababu hakuna anayeyatazama. Kumbe ni tatizo moja.

Ukiuliza chuoni nani anasimamia mazingira, utajibiwa "ni jukumu letu sote". Na ni kweli, hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania wajibu wa kuyalinda mazingira. Lakini wajibu wa watu wote haushiki koleo. Tuna sera ya mazingira, imepitishwa na baraza, imechapwa vizuri. Tuna kamati yenye wajumbe kutoka kila idara. Tuna klabu ya wanafunzi yenye vijana wenye moyo kuliko sisi wazee. Tulichokosa ni mtu mmoja ambaye akiulizwa "uniti ngapi za maji zimetumika jana hosteli ya pili" atajibu bila kuomba wiki mbili.

Nilipeleka pendekezo kwa mkuu wetu wa kitengo, likapanda juu, likarudi na masahihisho, likapanda tena. Ilichukua mwaka na miezi minne. Naeleza tulipofika, wenye vyuo vingine mtupe uzoefu.

Jambo la kwanza tulilobadilisha ni anayebeba jukumu. Kamati ipo bado, lakini kazi yake sasa ni kusikiliza na kuamua, haitendi. Watendaji ni watumishi wa kudumu, na jukumu limeandikwa kwenye kazi zao za kila mwaka, zile wanazopimwa nazo. Maji yako kwa fundi bomba mmoja. Umeme kwa fundi umeme. Taka ziko kwa msimamizi wa usafi, ambaye ndiye anayesaini hati ya malipo ya mkandarasi, kwa hiyo mkandarasi akimwaga taka korongoni hiyo saini haitoki. Miti na mifereji ni kwa bwana bustani. Juu yao yuko afisa mazingira anayeingia moja kwa moja kwa naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia mipango na fedha. Hapo pa fedha tulipigania sana. Mazingira yakikaa chini ya michezo na burudani, kama yalivyokuwa zamani, yatakumbukwa siku ya bonanza tu.

La pili ni daftari. Daftari la kawaida la kaunta, la mistari. Mita zinasomwa saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na msomaji ni mlinzi wa zamu, kwa sababu yeye ndiye aliye macho. Usiku watu wamelala, maji hayatakiwi kutembea. Wiki ya kwanza ya likizo, hosteli ikiwa tupu, mita ya jengo moja ilitembea uniti tatu kwa usiku mmoja. Uniti ni lita 1,000. Lita 3,000 zinakwenda na hakuna hata mtu mmoja ndani! Tulikuta vyoo vinne ambavyo boya la tanki limekufa, maji yanateremka kimya ukutani mwa sinki. Vifaa vya kurekebisha ni vya bei ya duka la kawaida pale sokoni.

La tatu, paa. Hapa naomba mnivumilie, napapenda. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hosteli yetu moja ina paa la mita za mraba 600. Tuseme mvua ya msimu ni milimita 900, na tukubali moja ya tano inapotea kwa kuruka na kuvuja kwenye kingio. Zinabaki lita 432,000. Paa moja! Maji hayo yote yalikuwa yanateremka kwa nguvu, yanachimba korongo nyuma ya jengo, yanabeba mchanga hadi baharini. Hatuwezi kuyahifadhi yote, lakini angalieni hesabu ya miti. Mche ukipewa lita tano mara mbili kwa wiki, kwa wiki 26 za kiangazi unakunywa lita 260. Miche 60 ni lita 15,600. Matangi mawili ya lita 10,000 yaliyojazwa na paa yanaivusha miche 60 hadi mvua nyingine bila kugusa maji ya bomba.

Kwa hiyo tukapanda 60, sio 400. Tukapanda wiki ya pili ya Desemba, ardhi imelowa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio kwanza wamezoea kampasi. Mikwaju, mikungu, miembe michache, mivinje upande wa upepo wa bahari. Oktoba iliyofuata nilipita na karatasi tena: hai 53.

Sijui kwenu mnapangaje. Nani anashika nini? Nani anaulizwa?

Waziri Mstaafu aliandika:

Mkuu Fundi, umenigusa. Nilikuwa waziri wa afya na mazingira kwenye serikali ya wanafunzi, chuo kingine, si mbali na hapo. Nieleze upande wetu.

Unachaguliwa mwezi wa tano. Unaapishwa, mnakwenda likizo. Unarudi mwishoni mwa Oktoba, mwezi mzima unatafuta ofisi na mihuri. Desemba mnaingia mitihani ya majaribio, kisha mitihani ya muhula. Ukishtuka ni Machi, na kampeni za watakaokurithi zimeanza. Kazi halisi nilifanya wiki kama tisa. Niliacha faili lenye namba za watu wa kununua chupa za plastiki na mpango wa ndoo za kutenganisha taka. Aliyenifuata aliniambia hakuliona.

Tusiwavunje moyo wanafunzi, lakini tuseme ukweli: mwanafunzi yupo miaka mitatu, na mwaka wa kwanza anajifunza njia. Anaweza kusukuma gari, kulilaza gereji hawezi.

Fundi wa Shangani aliandika:

Waziri, asante sana kwa uwazi huo. Wala sisi hatukuwatoa wanafunzi, tuliwabadilishia kazi. Zamani tuliwataka wafagie na kupanda. Sasa wanahesabu. Idara ya jiografia inatoa mada za utafiti wa mwaka wa tatu kutoka kwenye daftari letu: kwa nini hosteli ya wasichana inatumia maji zaidi asubuhi, taka za kafeteria zina uzito gani siku ya wali na siku ya ugali, mchanga kiasi gani unateremka kwenye mfereji mkuu mvua ikinyesha. Mwanafunzi anapata tasnifu yake, mimi napata jibu ambalo nisingekuwa na mkono wa kulitafuta. Na kwa kuwa nakala inabaki maktaba na kwetu, hata akihitimu kazi yake haipotei kama faili lako lilivyopotea. Pole kwa hilo, ndugu yangu.

Mama Hosteli aliandika:

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mlezi wa hosteli ya wasichana, nimesoma mpaka mwisho nikasema leo niandike.

Mmeongea maji, mmeongea miti, hakuna aliyegusa taulo za kike. Karo kuziba, Fundi, unajua mwenyewe mnachokikuta mkifungua. Binti hana pa kutupa, ndoo ya taka iko nje getini mbele ya walinzi wa kiume, atafanya nini? Anatumbukiza chooni. Kila muhula gari la majitaka linakuja, fedha zinalipwa, muhula unaofuata ni yale yale, na lawama ni kwamba "mabinti ni wachafu". Nilikuwa naumia kusikia neno hilo.

Niliomba ndoo yenye kifuniko ndani ya kila choo, sio nje, na kichomea taka kidogo cha matofali nyuma ya hosteli chenye bomba refu la moshi. Niliambiwa hakipo kwenye bajeti. Nikaandika barua, haikujibiwa. Nikaandika ya pili, nikaambatanisha risiti za gari la majitaka za mihula mitatu, nikaweka pembeni gharama ya ndoo na matofali. Hiyo ilijibiwa ndani ya siku nne. Sasa mwaka wa pili karo halijaziba upande wetu.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye kamati ile ya wajumbe wengi hakukuwa na mlezi hata mmoja. Walikaa wakuu wa idara. Anayelala na wanafunzi, anayejua choo gani hakivuti maji, hakuitwa. Mkipanga vyuo vyenu muiteni.

Fundi wa Shangani aliandika:

Mama, shikamoo. Nimekopi maneno yako nimeyapeleka kwa afisa wetu asubuhi hii hii. Kweli tumelifungua karo mara nyingi na hatukuwahi kuuliza ndoo iko wapi. Tumeliona kama jambo la bomba.

Mhasibu wa Kusini aliandika:

Habari zenu. Nimefanya uhasibu wa taasisi za elimu, naomba niwe mgumu kidogo. Yote mazuri, fedha inatoka wapi? Fungu la matumizi mengineyo linakuja kwa kuchelewa na likija lina wenyewe: mitihani, mafuta ya gari, karatasi. Na kuna tatizo ambalo Fundi hajaligusa. Ukiokoa maji, ankara inashuka, lakini fedha iliyookolewa huioni wewe. Inamezwa na fungu lingine, na mwaka ujao bajeti yako ya maji inapunguzwa kwa sababu "mlitumia kidogo". Mtu anayeokoa anaadhibiwa. Kwa mpangilio huo hata malaika atachoka.

Fundi wa Shangani aliandika:

Kaka, umegonga penyewe, na hapo ndipo pendekezo letu liliporudishwa mara ya kwanza.

Tulichofanya kinafanana na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Chuo kilitoa mtaji mdogo mara moja. Tukanunua mita ndogo za kila jengo, maboya ya matangi na taa za LED za korido. Ankara ikashuka. Tukakubaliana kwa maandishi na idara ya fedha kwamba tofauti kati ya ankara ya zamani na mpya, kwa miaka mitatu, inarudi kwenye mfuko ule ule mpaka mtaji utimie, ndipo tunakopa tena kwa kazi nyingine. Matangi ya mvua yalitokana na mzunguko wa pili. Vyuo vikubwa huko nje wanafanya hivyo hivyo, Harvard pale Marekani wana mfuko wa kuzunguka wa dola milioni 12 ambao idara zinakopa kwa miradi ya kuokoa nishati na maji na kulipa kutoka kwenye akiba. Wa kwetu ni mdogo kupindukia ukiuweka pembeni ya huo, lakini mama zetu wa VICOBA Chikongola wangeuelewa kwa dakika mbili.

Bila mita ya kila jengo haya hayawezekani. Ankara ikija moja kwa kampasi nzima, hakuna wa kumsifu wala wa kumuuliza.

Mabibo Matamu aliandika:

Wakuu mimi nina swali la jiko. Serikali ilishazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama. Hapa kwetu maganda ya korosho yamejaa kila kiwanda cha kubangua. Kwa nini jiko la chuo lisitumie maganda? Ni bure, na yanawaka balaa.

Fundi wa Shangani aliandika:

Mdogo wangu, yanawaka kwa sababu yana mafuta, na mafuta yale ndiyo yale yanayowachubua vidole wabanguaji. Ukichoma ganda bichi kwenye jiko la wazi, mpishi anavuta moshi unaowasha macho na koo siku nzima, na sufuria zinashika weusi usiotoka. Nilishaona mama mmoja wa jikoni mikono imebabuka kwa kuyashika bila glavu. Yakikamuliwa mafuta kwanza, kisha yakachomwa kuwa mkaa wa kubana, hapo kuna mazungumzo, ila hiyo ni kazi ya kiwanda, chuo kinunue bidhaa iliyokamilika.

Sisi kafeteria tuliibana kwenye mkataba. Mzabuni anayeomba tenda ya chakula lazima aje na majiko ya gesi, na bei ya chakula iliyotajwa kwenye tenda iwe imehesabu gesi hiyo. Zamani tulisaini kwanza, tukaanza kumsihi baadaye. Kumsihi mtu mwenye mkataba mkononi ni kazi bure.

Mpingo Kilwa aliandika:

Ndugu zangu wa mjini, nimeufuata uzi huu tangu jana nikiwa huku Kilwa. Naomba niseme jambo, na sisemi kwa kuwadharau wasomi.

Haya mnayoyatafuta, vijiji vyetu vimeyafanya. Sheria ya Misitu ya 2002 ilituruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Kijiji cha Kikole walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na mwaka 2009, wakisaidiwa na MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, ule uthibitisho wa dunia kwamba mbao inavunwa kwa utaratibu. Kwa mpingo hasa, mti unaokwenda kutengeneza filimbi na zumari Ulaya.

Cheti kile hakikuja kwa hotuba. Kuna Kamati ya Maliasili ya Kijiji, inachaguliwa na mkutano mkuu. Kuna doria, na kila doria inaandikwa: nani walikwenda, saa ngapi, wameona nini, kisiki kipya kiko wapi. Kuna mpango wa uvunaji unaosema miti mingapi itakatwa mwaka huu na ipi haiguswi. Mti ukiuzwa, fedha inasomwa mbele ya kijiji, na sehemu inarudi kwenye doria. Kwingine ikajenga, kwingine ikachimba kisima. Watu wanalinda kwa sababu wameona.

Nililokuwa nataka kuongeza ni hilo la kusoma mbele ya watu. Fundi, daftari lako liko wapi? Ofisini? Mwenye hosteli analiona?

Fundi wa Shangani aliandika:

Mzee wangu, heshima kwako. Swali lako limenikuta pabaya. Daftari liko ofisini, kwenye droo, na ufunguo ninao mimi.

Nimelifikiria tangu jana jioni. Vyuo vingi siku hizi vinajaza madodoso ya kupangwa duniani kwa utunzaji wa mazingira, lile la GreenMetric lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010. Kwa miaka mingi lilikuwa na maeneo sita: mandhari na majengo, nishati, taka, maji, usafiri, elimu na utafiti. Nishati ilikuwa na uzito wa asilimia 21, maji 10 tu. Sina ugomvi na waliolitunga, linasaidia kujua cha kuangalia, na kwa nchi yenye baridi ya kupasha vyumba moto pengine ndivyo ilivyo. Ila mimi niliye Mtwara, mwezi wa tisa, bomba linatoa hewa, maji nitayaweka mwanzo. Nilichotaka kusema ni kwamba dodoso lile linasomwa na watu walio mbali, wakati mwenye kutumia maji hajawahi kuonyeshwa namba yake. Nyie mnasomea kijiji, sisi tunaisomea Indonesia.

Nitapeleka hoja: ubao kwenye mlango wa kila hosteli, uandikwe kwa chaki, uniti za wiki iliyopita na za wiki hii.

Mama Hosteli aliandika:

Uandikwe na wanafunzi wenyewe, Fundi. Wakiandika wao hawataufuta.

Kijana wa Ngongo aliandika:

Wakuu mimi niko Lindi. Kama mnavyojua UDSM wanajenga kampasi huku kupitia mradi wa HEET, ule wa Benki ya Dunia. Mnaongelea kurekebisha chuo kilichokwishajengwa. Je, kinachojengwa sasa kifanye nini kabla hakijachelewa?

Fundi wa Shangani aliandika:

Hili ndilo swali ningependa mtu angeliuliza mwaka chuo chetu kinajengwa.

Kwanza, kabla katapila halijaingia, watu wapite na rangi wazungushe miti ya kubaki. Mwembe wa miaka 50 hauununui kokote. Kwetu lilisafishwa eneo lote kuwa jekundu, halafu ndipo tukaanza kutafuta fedha za miche. Udongo wetu wa kichanga ukishavuliwa majani, mvua moja kubwa inatosha kuchora makorongo.

Pili, mradi mkubwa kama huo haupiti bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na ndani yake kuna mpango wa usimamizi unaosema nani atafanya nini wakati wa ujenzi na baada yake. Hiyo sehemu ya "baada yake" ndiyo inayosahaulika. Mkandarasi akikabidhi funguo, mpango unakwenda kabatini. Ombeni nakala ikabidhiwe kitengo cha miliki pamoja na funguo, ikiwa na michoro ya mabomba yote yaliyo chini. Mimi mabomba yetu nimeyajua kwa kuyachimba.

Tatu, mifereji na makingio ya paa yajengwe kwa mvua mbaya, sio ya kawaida. Lindi inakumbuka kimbunga cha 1952 kwa simulizi za wazee. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika na tukakaa siku kadhaa bila magari. Chuo kitakaa miaka mia, kitaonana na kingine.

Na mita kwa kila jengo tangu mwanzo. Kuweka wakati bomba bado liko wazi ni kazi ya nusu saa.

Kijana wa Ngongo aliandika:

Asante sana kaka. Nitalifikisha kwa ninaowafahamu pale. Na miche je, kwa sisi tunaotaka kupanda Desemba hii, tuanze lini?

Fundi wa Shangani aliandika:

Anza mwezi wa nane kuotesha, ili Desemba mche uwe na miezi minne na shina limekomaa kidogo. Mbegu za mkwaju zinakaa muda mrefu bila kuharibika, loweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kusia. Mwarobaini ni kinyume, mbegu yake inakufa ndani ya wiki chache, kwa hiyo otesha mara tu unapookota, usiseme utahifadhi. Mwezi wa kumi na moja anza kuipunguzia maji na kivuli taratibu, izoee jua. Mashimo chimba kabla ya mvua ya kwanza, changanya samadi, yaache wazi. Na usioteshe mingi kuliko maji utakayokuwa nayo Septemba. Hesabu matangi yako kwanza, ndipo uhesabu viriba.

Waziri Mstaafu aliandika:

Fundi, hoja ya ubao ikipita tuambie. Hata ikikataliwa, tuambie imekataliwa kwa sababu gani.

Fundi wa Shangani aliandika:

Kikao ni Alhamisi. Afisa mazingira amekubali mlezi wa hosteli yetu aingie kwenye kikao hicho, ni mara ya kwanza. Daftari nimeshalitoa kwenye droo, nimelipeleka getini kwa walinzi, limefungwa kwa kamba kwenye meza, anayetaka kusoma asome.